Wa wifi ana ADHD, wangu hana adabu

Shikamoo Shangazi,

Nina watoto wawili, msichana wa miaka 11 na mvulana wa miaka 8. Kwa ajili ya msichana sijawahi kuitwa shuleni hata siku moja. Kwa huyu mdogo wake, walimu wamenizoea hadi hawaniulizi tena mimi ni mzazi wa nani.

Si mtoto mbaya. Ana huruma, anacheka na kila mtu, na akikukosea anaomba radhi kabla hujamaliza kufoka. Ila hatulii. Ukimtuma chumbani akuletee kitana anatoka mbio, halafu kimya. Ukimfuata unamkuta kakaa sakafuni anafungua redio mbovu kwa ncha ya mkasi, na ukimuuliza kitana kiko wapi anakutazama kana kwamba ndiyo kwanza anasikia habari hiyo. Hesabu ya kwanza anapata, ya pili anapata, ya tatu ameandika jibu la swali jingine, ya nne hakuiona kabisa na iko ukurasa uleule. Darasani anajibu kabla mwalimu hajamaliza kuuliza. Amechapwa nyumbani, amechapwa shuleni, na kesho yake anarudia yaleyale. Kinachonitesa ni kwamba nikimtazama usoni naona wazi hakukusudia.

Sasa linaloniuma ni hili. Wifi yangu naye ana mvulana wa rika hilohilo, na nakuapia Shangazi, ukiwaweka pamoja hujui nani katangulia kuvunja nini. Lakini wifi mambo yake yamemnyookea: mumewe ana kazi ya maana, mtoto anasoma shule ya kulipia, darasa lina watoto wachache. Mwaka jana walimpeleka kwa daktari bingwa, wakarudi na karatasi imeandikwa ADHD, eti ni hali ya ubongo inayomfanya mtoto ashindwe kutulia na kushika umakini. Tangu hapo mtoto yule akimwaga maji, mama mkwe anasema, "Maskini, ndiyo ile hali yake." Wangu akimwaga, anasema, "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo," na macho yote yananigeukia mimi.

Juzi tulikutana wote, yakazuka mabishano. Shemeji, mume wa wifi, akasema kwa ule upole wake wa kisomi kwamba amesoma utafiti: watoto wa familia zenye kipato kidogo wanapata ADHD mara mbili zaidi, kwa hiyo mazingira ya malezi yanachangia. Nikajua ananisema mimi. Mume wangu akapandisha: hakuna ugonjwa hapo, wenye pesa wakishindwa kulea wanakwenda kununua jina hospitalini, yeye mwenyewe utotoni alikuwa hivyohivyo, akachapwa, akanyooka. (Shangazi, huyu aliyenyooka, kila asubuhi nyumba nzima tunamtafutia funguo.) Mama mkwe ndiye aliyefunga mjadala: mimi nadekeza, na mchelea mwana kulia hulia yeye.

Nilinyamaza kwa sababu kuna ukweli unaonichoma. Natoka alfajiri narudi usiku. Nikirudi nimechoka, napiga kelele. Siku nyingine nampiga, siku nyingine namwacha afanye anavyotaka kwa kuwa sina nguvu za kubishana naye.

Je, ni mimi niliyemharibu? Ni umaskini? Au hiyo ADHD ni jina tu la utukutu wa watoto wa wenye nazo? Na kama ipo kweli, nianzie wapi? Daktari bingwa wa wifi simuwezi.

Mama wa Mtukutu

*

Marahaba mwanangu.

Nimeisoma barua yako mpaka mwisho nikarudi mwanzo. Katika mabishano yenu yale, kila mmoja alikuwa ameshika kipande cha ukweli, isipokuwa mama mkwe wako, ambaye alikuwa ameshika methali mbili.

Nianze na yeye. Kama malezi ndiyo yangekuwa chanzo, watoto waliolelewa na watu tofauti, nyumba tofauti, kwa kipato tofauti, wangetofautiana. Wewe unaniambia hawa wawili hawatofautiani. Na binti yako, aliyelelewa na wewe huyohuyo unayetuhumiwa kudekeza, hajakufanya uitwe shuleni hata mara moja. Hebu tazama hao wavulana wanakutania wapi: baba wa mmoja na mama wa mwingine wote ni watoto wa mama mkwe wako. Siwezi kupima mtu kwa barua, lakini ningekuwa mimi ndiye bibi yao, ningekuwa mwangalifu kidogo na hizo methali.

Hili la damu si maneno yangu. Limefuatiliwa miaka mingi kwa kutumia mapacha. Mapacha wanaofanana wana vinasaba vilevile. Wasiofanana wanashirikiana karibu nusu tu, kama ndugu wengine wa tumbo moja. Aina zote mbili hukulia nyumba moja, wazazi walewale. Kama malezi ndiyo yanayoamua, wote wangefanana katika utulivu na utukutu kwa kiwango kimoja. Haiko hivyo. Mapacha wanaofanana wanakaribiana zaidi, na kwa mbali. Mapitio ya tafiti hizo yaliyochapishwa mwaka 2019 yaliweka mchango wa urithi kwenye asilimia 74 kwa wastani. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya tofauti kati ya mtoto na mtoto katika jambo hili inatokana na walichozaliwa nacho. Wala usitafute kinasaba kimoja cha utukutu. Viko vingi, kila kimoja kinasukuma kidogo.

Sasa kelele zako. Unadhani ulipiga kelele, ndipo mtoto akawa hivyo. Mwaka 1979 watafiti wawili, Russell Barkley na Charles Cunningham, waliwaangalia akina mama wakiwa na watoto wao wenye hali hii. Watoto walipewa kwa zamu dawa halisi na vidonge visivyo na dawa. Mtoto alipokuwa kwenye dawa alitii zaidi, na mama naye akapunguza amri na kule kumwandama. Mama ni yuleyule, hakuna aliyemfundisha malezi mapya. Aliyebadilika ni mtoto. Mwaka 2013 ukatoka utafiti mwingine uliohusisha akina mama walioasili watoto, wasiochangia damu nao hata kidogo, na humo pia tabia za mtoto alizozaliwa nazo zilionekana kuvuta ukali wa mama. Kwa hiyo mtu akikukuta unafoka akasema, "Unaona? Ndiyo maana mtoto yuko hivi," amesoma ukurasa kutoka chini kwenda juu.

Lakini sitaki uniondokee hapa ukidhani malezi hayana kazi. Yana kazi, ila si ile unayoambiwa. Utawala wa dikteta Ceaușescu ulipoanguka Romania mwaka 1989, dunia iligundua vituo vilivyojaa watoto wachanga waliolazwa tu vitandani, hakuna wa kuwabeba wala kuwasemesha. Baadhi yao waliasiliwa na familia za Uingereza, na kundi la Michael Rutter, daktari wa akili za watoto, likawafuatilia hadi utu uzima. Waliotolewa kabla ya kufikisha miezi 6 kwa kiasi kikubwa walikua kama watoto wengine. Waliokaa zaidi ya hapo, wengi wao walibaki na matatizo, na mojawapo ni kushindwa kutulia na kushika umakini, ingawa nyumba walizohamia zilikuwa nzuri. Kwa hiyo anayesema mazingira hayawezi kugusa ubongo wa mtoto, naye anakosea. Ila angalia ni mazingira gani hayo! Mtoto kutokuwa na mtu kabisa. Mama anayerudi usiku amechoka na kufoka hayumo kwenye habari hii, na kudekeza ndiyo hakumo kabisa.

Pale malezi yanapohesabika katika nyumba kama yako ni kwenye mwendo wa mambo baada ya hapo. Mtoto aliyezaliwa na wepesi wa kutawanyika, akapigwa na kuitwa mjinga kila siku, anaweza kufika miaka 14 akiwa na mzigo wa pili: ukaidi, uongo, hasira, kuichukia shule. Huo wa pili ndio unaoweza kuuzuia, na nitaurudia.

Nimgeukie shemeji. Takwimu yake ni ya kweli. Mapitio yaliyotolewa na watafiti wa Uingereza mwaka 2016 yalikuta kwamba watoto wa familia zenye hali duni walikuwa na uwezekano wa kuwa na ADHD mara 1.85 hadi 2.21 kuliko wa familia zenye hali nzuri. Alipokosea ni kurukia "malezi". Kati ya pochi na ubongo wa mtoto kuna njia nyingi, na ya uvivu wa mama siioni. Kuna kuzaliwa njiti au na uzito mdogo, ambako huwapata zaidi akina mama waliohangaika wakati wa ujauzito. Kuna madini ya risasi, yaliyokuwa yakitiwa kwenye rangi za nyumba na petroli, na bado yamo kwenye kuta kuukuu na vumbi la mitaa ya watu wa kipato cha chini. Risasi huharibu umakini wa mtoto hata ikiwa kidogo. Kuna msongo wa nyumba isiyojua kesho. Haya si mambo ambayo mama anakaa chini akayachagua.

Halafu kuna njia inayokwenda kinyume, ambayo watu kama shemeji huwa hawaitaji. ADHD ni ya kurithi, na wengi haiwaachi utotoni. Mtu mzima mwenye nayo ambaye hakuwahi kusaidiwa anaweza kuwa aliacha shule mapema, akawa anabadilisha kazi, anasahau madeni, anakosana na mabosi. Kipato kinashuka. Kisha anazaa mtoto mwenye hali ileile, na mpita njia anatazama nyumba hiyo na kusema umaskini umemharibu mtoto. Wasweden walijaribu kulitenganisha hili mwaka 2014 kwa kulinganisha ndugu wa familia moja, mmoja aliyekulia wakati wazazi wana hali ngumu na mwingine hali ilipokuwa nafuu. Uhusiano kati ya kipato na ADHD ulipungua sana, lakini haukwisha. Mimi naona hilo ndilo jibu la kweli kwa ubishi wenu: umaskini una mkono, ila mdogo kuliko unavyoonekana kwa nje. Na hata tukizidisha mara mbili, hali hii duniani iko kwa watoto kama 5 katika kila 100. Watoto wengi mno wa familia zisizo na kitu hawana ADHD wala dalili zake.

Tabaka linapokuwa na mkono mkubwa ni kwenye jina. Mtoto wa wifi yuko darasa la watoto wachache, mwalimu akapata nafasi ya kumtazama, wazazi wakapata muda na nauli, daktari akakaa naye. Akaitwa mgonjwa, akahurumiwa. Wako yuko kwenye darasa lililofurika, na mwalimu mwenye watoto wote hao akikutana na mmoja asiyetulia hana la kufanya ila kumtuliza. Akaitwa mtukutu, akachapwa. Hapo ndipo penye dhuluma, na mimi mara nyingi nimekasirika kuona familia yenyewe ndiyo inaitia muhuri, bibi mmoja, wajukuu wawili, vipimo viwili.

Mume wako naye nimsikilize, maana ana hoja kuliko anavyojua. Anahofia kwamba jina linatolewa ovyo, na kwa kweli wakati mwingine hutolewa. Mwaka 2018 ulitoka utafiti Marekani uliotazama majimbo ambako mtoto lazima awe ametimiza miaka 5 kabla ya tarehe 1 Septemba ili aanze shule. Waliozaliwa Agosti, yaani wadogo kabisa darasani, walikutwa na ADHD kwa asilimia 34 zaidi kuliko waliozaliwa Septemba, ambao ndio wakubwa. Mwezi wa kuzaliwa hauleti ugonjwa. Utoto tu ulionekana maradhi kwa kuwa umekaa dawati moja na wenzao waliowazidi karibu mwaka mzima. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwako: mwanao ni mdogo kuliko wenzake wa darasani? Kama ndiyo, mtaje hivyo kwa yeyote atakayempima.

Lakini kwamba ni jina jipya la wenye nazo, hapana. Daktari wa watoto George Still alisimama mbele ya madaktari wenzake London mwaka 1902 akaeleza watoto wasioweza kujizuia wala kushika umakini, na akili zao hazina kasoro. Yeye aliita kasoro ya kudhibiti maadili, kwa hiyo lawama ilikuwepo tangu siku ya kwanza. Na hilo la kuchapwa akanyooka, muulize mumeo vizuri usiku mmoja, bila watu. Kazi ngapi zilimshinda, shuleni aliambiwaje, mambo mangapi ameanza hakuyamaliza. Usimuulize kwa kejeli ya funguo. Wanaume wengi walioniandikia wamekuja kujitambua kupitia mtoto, na ukali wao ulikuwa woga wa kuona mtoto anapita walikopita.

Sasa uanzie wapi. Habari njema ni kwamba ADHD haipimwi kwa mashine ya gharama. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayoithibitisha. Mtu akikuuzia hicho, kimbia. Daktari anatafuta dalili zisizopungua 6 kati ya 9 za kukosa umakini, au 6 kati ya 9 za kutotulia na kukurupuka, zilizodumu angalau miezi 6, zilizoanza kabla ya miaka 12, zinazoonekana sehemu zaidi ya moja, na zinazomkwamisha kweli. Ushahidi huo unao wewe na mwalimu. Chukua daftari, andika kwa wiki chache yale uliyoniandikia mimi: kitana, redio, hesabu ya tatu na ya nne. Vitu vya namna hiyo ndivyo daktari anavyovihitaji, kuliko kumwambia "ni mtundu". Mwombe mwalimu naye aandike anayoyaona, hata nusu ukurasa. Nenda na karatasi hizo kwenye kliniki ya kawaida ya watoto, ueleze, uombe rufaa.

Kabla ya hapo, waombe wamwangalie macho, masikio na damu, si kuthibitisha ADHD bali kuona kama kuna tatizo jingine linalofanana nayo. Mtoto asiyesikia vizuri anaonekana hana adabu. Anayekoroma usiku kwa sababu ya nyama za puani hapati usingizi wa kutosha, na mtoto mwenye usingizi hasinzii kama sisi, anaruka. Kuna na kifafa cha namna ya kuganda macho sekunde chache bila kuanguka, kinachofanana sana na kupotea mawazoni.

Na tafadhali, usiombe kidonge cha mtoto wa wifi ukajaribu. Najua utashawishika. Dawa hizi zinasaidia wengi, tena kwenye dalili zenyewe hakuna kinachozizidi kwa watoto wa umri wake, lakini zinagusa mapigo ya moyo, hamu ya kula na usingizi, na kipimo chake hupangwa mtoto kwa mtoto.

Nyumbani, wakati unasubiri, ondoa fimbo kwanza. Kumchapa mtoto huyu ili akumbuke ni sawa na kumchapa asiyeona vizuri ili asome ubao. Kanuni anaijua, ukimuuliza atakutajia neno kwa neno. Kinachomponyoka ni ile nukta ya kutenda. Kwa hiyo msaada uwe karibu na nukta hiyo. Ukimtuma, usimpigie kelele kutoka chumba kingine. Mshike bega, akutazame, mpe jambo moja, arudie kwa mdomo wake, aende. Akirudi nacho, msifu palepale, sifa fupi inayotaja alichofanya. Hesabu mpe tatu, anyanyuke azunguke, mpe tatu nyingine. Adhabu ikibidi iwe ndogo, ya papo hapo na ileile kila siku: kuikosa redio jioni hiyo, basi. Hapo ndipo penye udhaifu wako, mwanangu. Leo kipigo, kesho kumwachia. Huko hakukumpa ADHD, lakini kunamchanganya, na ndiko kunakojenga ule mzigo wa pili. Chagua sheria mbili tu unazoweza kuzisimamia hata ukiwa umechoka, nyingine zisamehe kwa sasa. Shuleni omba jambo moja: akae mbele, mbali na dirisha na mlango.

Wifi usimnunie. Yeye hakukuibia huruma, na huenda anajua zaidi ya mtu yeyote usiku wako unakwenda vipi. Nenda kwake siku mama mkwe hayupo, mwombe akuonyeshe fomu walizojaza na akueleze walianzia kwa nani kabla ya kufika kwa bingwa. Shemeji naye mpe kazi ya kukusaidia kuandika lile daftari, kwa kuwa kusoma anapenda.

Shangazi